Maisha ya Alexander Mackay, Mzungu wa Kazi



Hakuna mtu asiyetaka furaha. Mkulima wa hapa Bariadi anapopanda pamba yake mvua za Novemba zinapoanza, huwa tayari anaiona moyoni siku ya mauzo: bati za nyumba, ng'ombe wawili watatu, karo ya watoto. Kijana anayepanda basi kwenda kutafuta dhahabu Geita naye ana picha yake moyoni. Mwalimu anayehesabu miaka iliyobaki kabla ya kustaafu ana picha yake pia, na hiyo naijua vema. Mara nyingine tunayoyatazamia huja, nasi hufurahi kweli. Lakini baada ya muda bati huzoeleka, fedha huisha, na moyo huanza tena kuuliza: baada ya hapa, ni nini?

Swali hilo huwapata maskini na matajiri, wazee na vijana. Badala ya kuandika mawaidha matupu, nimeona heri nieleze maisha ya mtu mmoja aliyejiuliza swali hilo akiwa na kazi nzuri katika mji mkubwa wa Ulaya, akalipata jibu huku kwetu kando ya Ziwa Viktoria. Mtu huyo ni Alexander Murdoch Mackay. Jina lake lajulikana sana Uganda. Huku kwetu wengi humsikia tu akitajwa katika habari za mashahidi. Lakini kazi yake ya ziwani ilianzia katika nchi ya Wasukuma, na siku zake za mwisho zilikuwa kusini ya ziwa hili hili.

Mtoto aliyependa chuma

Mackay alizaliwa tarehe 13 Oktoba 1849 katika kijiji cha Rhynie, kaskazini ya Uskoti. Baba yake alikuwa mchungaji wa Kanisa Huru la Uskoti, mtu msomi, na kwa miaka mingi alimfundisha mwanawe mwenyewe nyumbani. Alitumaini kwamba mtoto huyo naye angekuwa mchungaji.

Lakini mtoto alipenda vyuma. Somo lilipokwisha alikimbilia kwa mhunzi wa kijiji kutazama mvukuto na fuawe, au kwa seremala, au kwenye kinu. Aliweza kutembea maili kadhaa ili tu alitazame garimoshi likisimama kituoni, kisha akarudi nyumbani ameridhika. Wazee waliomwona walidhani anapoteza wakati. Mama yake alifariki Alexander akiwa bado kijana mdogo, na kabla ya kufa alimwachia Biblia yake akimwomba aisome kwa bidii. Basi katika moyo wa kijana huyo mambo mawili yalikaa pamoja, Biblia ya mama na nyundo ya mhunzi, naye kwa muda mrefu hakujua jinsi yangeweza kupatana.

Mwaka 1867 aliingia chuo cha ualimu cha Kanisa Huru mjini Edinburgh, akasoma miaka miwili. Kwa hiyo sisi walimu twaweza kumwita mwenzetu. Baadaye akasoma uhandisi katika chuo kikuu cha mji huo huo, huku akifundisha asubuhi ili apate ada. Mwishoni mwa 1873 alikwenda Ujerumani, akaajiriwa na kiwanda cha mashine mjini Berlin. Alichora mitambo, akabuni mashine ya kilimo iliyopata zawadi ya kwanza katika maonyesho ya Breslau, akapandishwa cheo hata kusimamia idara ya injini za garimoshi. Hakuwa ametimiza miaka 26. Kwa macho ya dunia kijana huyo alikuwa amefika.

Barua ya dada na barua ya Stanley

Huko Berlin dada yake alimpelekea barua yenye habari za Madagaska, jinsi Wakristo wa kisiwa kile walivyohitaji walimu. Barua hiyo ilimgusa sana. Hapo ndipo lilipomjia wazo lililogeuza maisha yake: kwamba haimpasi kuitupa nyundo ili amtumikie Mungu, bali aende nayo. Madaktari walikuwa wakitumia udaktari wao katika misheni. Kwa nini mhandisi asitumie uhandisi wake? Aliona kwamba mtu afundishwaye kusoma, kujenga, kuchimba kisima na kutengeneza barabara amepewa msaada ule ule mmoja wa upendo.

Akaomba kupelekwa Madagaska. Akajibiwa kwamba wakati bado. Alingoja kama miaka miwili, akiendelea na kazi yake kiwandani na kujifunza zaidi.

Hapa habari yake yaanza kukutana na yetu. Mwezi Machi 1875 msafiri Henry Morton Stanley aliteremsha mashua yake majini huko Kageye, pwani ya Usukuma, si mbali na Mwanza. Alisafiri kuelekea mashariki ndani ya Ghuba ya Speke, akapita mahali mto Simiyu unapoingia ziwani. Huo ndio mto ambao mkoa wetu, ulioanzishwa mwaka 2012, umechukua jina lake. Kisha akazunguka ziwa hata kufika kwa Kabaka Mutesa wa Buganda. Kutoka kwa Mutesa aliandika barua kwa gazeti la London, akiomba waje walimu wawezao kufundisha dini na kazi za mikono pia. Barua ilichapwa Novemba 1875, Mackay akaisoma, akaandikia shirika la CMS, na Januari 1876 akakubaliwa.

Waliondoka Uingereza Aprili 1876, wanaume wanane. Kwenye mkutano wa kuagana Mackay, aliyekuwa mdogo wa wote, aliwaambia viongozi wa CMS wasishangae wakisikia katika miezi sita kwamba mmoja wao amekufa, na kwamba wakisikia hivyo wapeleke mtu mwingine mara moja kushika nafasi yake. Haikufika miezi sita. Agosti mmoja wao alifia Zanzibar. Baada ya muda wa miaka miwili hivi, katika wale wanane wanne walikuwa wamekufa, wawili wamerudishwa kwao kwa ugonjwa, wamebaki wawili tu, C. T. Wilson na Mackay.

Kageye

Mackay mwenyewe alipatwa na homa katika safari ya kwanza ya bara, akarudishwa pwani. Alipopata nafuu hakukaa akingoja. Mwaka 1877 alifyeka barabara kutoka Saadani hata Mpwapwa, yapata maili 230, ili mizigo ipite kwa mikokoteni ya ng'ombe. Mbung'o waliwaua ng'ombe wengi, na mikokoteni ikamsumbua kuliko wapagazi. Akaendelea tu.

Desemba mwaka huo huo ikatokea habari mbaya. Wenzake wawili, Shergold Smith na O'Neill, waliuawa Ukerewe pamoja na watu wao. Walikuwa wamejiingiza katika ugomvi wa mtemi Lukonge na mfanyabiashara Mwarabu aitwaye Songoro, ambaye walimhifadhi. Mackay aliharakisha kwenda ziwani, akafika Kageye Juni 1878.

Alikuta chungu ya mali iliyotupwa ovyo katika nyumba moja: mabomba, misumari, sehemu za injini ya mvuke zilizoshikwa na kutu, vitabu vilivyoharibika. Mtu mwingine angekaa chini akalia. Yeye alianza kutenga kila kitu mahali pake, akasugua kutu, akaunganisha, na baada ya kazi ya siku kumi hivi injini ilikuwa imesimama kamili. Wasukuma wa Kageye walikuja kumtazama akichoma chuma na kuzungusha kerezo, au akitengeneza mishumaa kwa mafuta ya ng'ombe. Walisema watu weupe wametoka mbinguni. Yeye alikataa sifa hiyo. Aliwaambia kwamba babu zake nao hawakujua mambo hayo, na kwamba yote hujifunzwa. Tena akawaeleza kwamba aliyetoka mbinguni ni mmoja tu.

Kisha akafanya jambo ambalo watu wa Kageye walimsihi asilifanye. Alivuka kwenda Ukerewe kwa Lukonge, bila silaha. Wengi walitazamia kisasi, maana ndiyo ilivyo desturi ya wanadamu. Mackay alikaa kwa mtemi siku kadhaa, akasikiliza maneno yake juu ya ugomvi ule, wakaagana kwa urafiki, akarudi salama. Ndugu zangu, mtu ambaye kusudi lake ni kujipatia heshima hawezi kufanya safari kama hiyo. Mackay aliweza kwa sababu hakuja ziwani kushindana na mtu.

Safari ya kwenda Buganda nayo haikuwa nyepesi. Mashua yao, Daisy, ilivunjwa na mawimbi ufukoni. Mackay na Wilson waliikata sehemu ya katikati, wakatumia mbao zake kuziba upande wa mbele na wa nyuma. Ilichukua wiki nane. Wakasafiri tena katika mashua iliyopunguzwa, na Novemba 1878 wakafika.

Jina alilopewa

Buganda watu walimpa jina la Mzungu wa Kazi. Mara nyingi majina tupewayo na watu husema kweli kuliko yale tuliyojichagulia. Alijenga nyumba, alichimba kisima, akatengeneza mkokoteni, akarekebisha vyombo vya watu. Mama wa Kabaka alipokufa mwaka 1882, ni Mackay aliyetengeneza jeneza lake kubwa, kazi ya siku nyingi mchana na usiku. Kuna wakati chakula kutoka kwa Kabaka kilikatizwa, naye akaishi kwa kufua vyuma na kubadilisha kazi ya mikono yake kwa ndizi.

Lakini kazi aliyoipenda zaidi ilikuwa kufundisha. Mwanzoni alisoma Injili barazani kwa Mutesa katika Kiswahili, kwa tafsiri ya Askofu Steere wa Zanzibar, maana Kiswahili kilijulikana huko kwa sababu ya wafanyabiashara wa pwani. Lugha yetu hii, basi, ilikuwa daraja la kwanza la Neno katika Buganda. Kisha akajifunza Kiganda, akachonga herufi, akachapa karatasi za kusomea. Vijana walijaa nyumbani kwake tangu asubuhi. Mmoja wao, Sembera, aliomba ubatizo kwa barua aliyoiandika mwenyewe kwa kijiti cha nyasi kilichochongwa na wino wa kujitengenezea. Alibatizwa Machi 1882 pamoja na wenzake wanne, naye akachagua kuitwa Mackay. Hebu fikirini, ninyi walimu wenzangu, ni mshahara gani uwezao kulinganishwa na huo.

Tena alipinga biashara ya watumwa mbele ya Kabaka. Mara moja alimwonyesha Mutesa picha za mwili wa mtu, jinsi mifupa na mishipa ilivyopangwa kwa ustadi. Akauliza kwa nini mwili kama huo, ambao hakuna fundi duniani awezaye kuutengeneza, uuzwe kwa kipande cha nguo ambacho mtu mmoja aweza kukifuma kwa siku. Hapo alisema kama fundi. Kwa kuwa yeye mwenyewe alijua kazi ni nini, alijua thamani ya kazi ya Muumba.

Tusimfanye malaika. Alikuwa mkali wa maneno. Alibishana vikali na mapadre Wakatoliki waliofika mwaka 1879, tena mbele ya Kabaka, jambo lililowachanganya wasikilizaji wa pande zote mbili. Katika barua zake alitaka pia serikali ya Uingereza itie mkono katika nchi hizi, nasi twajua ukoloni uliofuata uliwaletea watu nini. Yeye aliwaza zaidi juu ya kukomesha utumwa na kujenga njia, lakini mtu mwema huweza kufungua mlango bila kuona wote watakaoupitia. Nayaandika haya kwa sababu furaha na kusudi la maisha havikuwekwa kwa ajili ya watu wasio na dosari.

Siku za moto

Mutesa alifariki Oktoba 1884, akafuata mwanawe Mwanga, kijana wa umri mdogo. Tarehe 31 Januari 1885 vijana watatu wa misheni waliuawa kwa kuchomwa moto: Kakumba, Seruwanga na Lugalama. Hawa walikuwa watoto wa nyumbani kwa Mackay na mwenzake Ashe, waliokula nao na kusoma nao. Siku ile ya kukamatwa Mackay alikuwa njiani pamoja na baadhi yao, akaburutwa na askari, akarudishwa, wala hakuweza kuwaokoa. Oktoba mwaka huo Askofu Hannington aliuawa Busoga. Tarehe 3 Juni 1886 wengi walichomwa Namugongo, Wakatoliki na Waanglikana katika moto mmoja. Waliobishana barazani wakaunganishwa na mashahidi wao.

Je, katika siku hizo twaweza kusema habari za furaha? Barua za Mackay zaonyesha huzuni nzito. Alilia. Aliumwa homa. Agosti 1886 Ashe aliondoka, na kwa karibu mwaka mzima Mackay alikaa peke yake, hajui kama kesho atakuwa hai. Alifanya nini? Alichapa. Wakristo walikuwa wamejificha, nao walihitaji Neno. Basi mchana alifanya kazi za Kabaka za vyuma na mbao, na usiku watu walimjia kwa siri kusoma na kufarijiwa. Akaendelea kusahihisha tafsiri ya Injili ya Mathayo katika Kiganda na kuichapa ukurasa kwa ukurasa.

Hapa napenda tutulie kidogo. Kuna furaha ya kicheko, nayo ni njema. Kuna na nyingine isiyosikika kwa nje, ya mtu ajuaye kwamba hapa alipo ndipo panapomhitaji. Hiyo ya pili yaweza kukaa katika moyo mmoja na majonzi, kama maji ya kisima yanavyokaa chini ya ardhi kavu mwezi wa Septemba. Ukitazama juu waona vumbi tu, lakini akina mama wenye ndoo wajua mahali pa kuchota.

Usambiro

Julai 1887 Mwanga alimfukuza. Mackay alifunga nyumba ya misheni, akavuka ziwa, akaja kukaa Usambiro, kusini ya ziwa, jirani na Usukuma. Kwa mtu aliyetoa miaka tisa Buganda, huko kulikuwa kama kutupwa nyuma ya nyumba. Tena Machi 1888 Askofu Parker, aliyechukua nafasi ya Hannington, alifia huko huko Usambiro, na mwenzake Blackburn alimtangulia siku chache tu. Makaburi yalikuwa karibu na mlango.

Mackay akaanza tena. Alijenga nyumba na karakana, akaendelea na tafsiri ya Injili ya Yohana, akakata miti kwa ajili ya mashua mpya, akagongomea boila ya injini ya mvuke. Vijana wa Kiganda waliokimbia vita walimjia, akawapokea na kuwafundisha. Kisha mambo yakapinduka: Septemba 1888 Mwanga naye alipinduliwa, akakimbilia kusini ya ziwa, akakaa Magu kwa muda, jirani zetu hawa, kama mkimbizi asiye na kitu. Kutoka uhamishoni alimwandikia Mackay akimwomba asiyakumbuke mambo ya zamani na amsaidie. Yule aliyewachoma watoto wake sasa alikuwa anamwomba yeye. Mackay hakushangilia anguko lake wala hakutafuta kumlipa kisasi.

Mwishoni mwa Agosti 1889 msafara mkubwa ulifika Usambiro. Aliyeuongoza alikuwa Stanley, yule yule ambaye barua yake ya 1875 ilimtoa Mackay Berlin. Alikaa hapo karibu wiki tatu. Aliona nyumba safi, rafu za vitabu, karakana, watu wakija na kwenda bila hofu. Baadaye aliandika kwamba kama kuna mtu aliyekuwa na haki ya kukaa akisononeka kwa upweke na makaburi ya rafiki zake, alikuwa Mackay. Lakini alimwona hana nafasi ya kulalamika, kwa kuwa kila siku ilikuwa na kazi yake na kila kazi ilikuwa na mtu wa kusaidiwa. Alimshawishi waende pamoja pwani na Ulaya akapumzike. CMS nao walikuwa wamemwita arudi. Mackay alikataa. Alijibu kwamba huo haukuwa wakati wa mtu kuacha zamu yake, bali wapelekwe wengine, ndipo naye aweze kupumzika.

Mwanzoni mwa Februari 1890 mwenzake Deekes, aliyekuwa mgonjwa, alikuwa tayari kuondoka kwenda pwani. Asubuhi ya kuondoka Mackay akashikwa na homa. Deekes akaahirisha safari. Siku chache baadaye, tarehe 8 Februari, Mackay akafa akiwa na umri wa miaka 40. Kwa karibu miaka 14 hakurudi kwao hata mara moja, wala hakuwahi kuoa. Jeneza lake lilitengenezwa kwa mbao alizokata mwenyewe kwa ajili ya mashua. Wakristo wa Kiganda na vijana wa Usambiro waliimba kaburini. Mwaka 1927 mifupa yake ilihamishiwa Namirembe, Kampala.

Hakuiona mashua ikielea. Hakuona Biblia nzima ya Kiganda. Desemba mwaka ule ule Askofu Tucker alifika Buganda, na katika miaka iliyofuata Kanisa likaenea kwa upesi wa ajabu, likipelekwa na Waganda wenyewe. Mmoja wa waliowahi kumsikia Mackay akifundisha, Apolo Kivebulaya, alivuka baadaye hata Boga katika Kongo na kulipanda Kanisa huko. Mbegu huota mkulima akiwa amelala.

Tujifunze nini

Kwanza, Mackay hakuenda kuitafuta furaha. Kama angeitafuta, Berlin palikuwa na njia fupi zaidi. Alitafuta mahali ambapo ujuzi wake ungewafaa watu, na furaha ikamfuata huko kama mbwa afuatavyo mwenye nyumba anayekwenda shamba. Sisi Wasukuma tunalijua jambo hili tangu zamani. Nani hajaona bugobogobo, majembe yakipanda na kushuka pamoja kwa ngoma, watu wakilima shamba la jirani huku wanaimba? Jua ni lile lile na ardhi ni ngumu vile vile. Kinachobadilisha kazi kuwa sherehe ni kwamba unalima pamoja, na unamlimia mtu.

Pili, hakungoja apate kipaji kingine. Alichukua kile alichokuwa nacho tangu utoto, kile ambacho wazee walidhani ni mchezo, akakileta kwa Mungu kama kilivyo. Watu wengi katika Kanisa hudhani kwamba mwenye wito ni kasisi na katekista tu. Fundi cherehani wa sokoni Bariadi anayeshona sare za shule kwa uaminifu ana wito. Muuguzi wa zahanati ana wito. Mama anayemlea yatima wa shemeji yake ana wito, hata kama jina lake halisomwi kanisani.

Tatu, kusudi la maisha haliondoi shida. Sisemi kwamba mkulima asidai bei ya haki ya pamba yake, au kijana aridhike na kukosa kazi. Mackay mwenyewe alipigana na mabaya aliyoyaona. Wala sisemi kwamba mwenye huzuni hana imani. Nasema tu kwamba bei ya pamba hupanda na kushuka, bali mtu aliyejua yuko hapa kwa ajili ya nani ana kitu kisichoshuka pamoja nayo.

Kwa wazee wenzangu niliostaafu nao nina neno moja. Serikali hutustaafisha kazi, lakini haiwezi kutustaafisha faida yetu kwa watu. Kuna watoto katika kila kitongoji wanaomaliza darasa la saba bila kusoma vizuri. Tuna macho bado, tuna sauti, tuna kivuli cha mwembe. Kwa vijana nasema, msijiulize tu ni kazi gani itawapa fedha nyingi. Jiulizeni pia mikono yenu yapenda kufanya nini, na ni nani karibu nanyi anayeihitaji mikono hiyo. Maswali hayo mawili yakikutana mahali pamoja, simameni hapo. Mackay aliposimama hapo, hakuna homa wala mfalme aliyeweza kumwondolea furaha yake.

Mungu atupe sote kuijua kazi yetu, na moyo wa kuifanya hata jioni.